Dhima ya Mkono Unaomimina

Katika jimbo la Massachusetts, upande wa mashariki wa Marekani, zamani za miaka ya 1880, mwanamke ambaye mumewe alikuwa ametekwa na ulevi aliweza kufanya jambo ambalo mama yake na bibi yake hawakupata kuliweza: kuketi mezani kwake, kuchukua karatasi na wino, na kumwandikia muuza mvinyo wa mtaa barua fupi, yenye sahihi yake mwenyewe, akimtaka asimuuzie wala asimpe mtu fulani kileo cha namna yoyote. Barua hiyo haikuwa maombi ya mnyonge. Sheria ya jimbo ilisema kwamba muuzaji akiisha kuipokea, kisha ndani ya miezi 12 akamuuzia mtu yule, mwandishi wa barua aliweza kumfikisha mahakamani na kudai fidia isiyopungua dola 100 wala kuzidi dola 500. Tena, ili pasibaki mwanya wa ubishi, ikaongeza kwamba mwanamke mwenye mume aweza kudai kwa jina lake, na fedha atakazopewa ni milki yake peke yake.

Nimeisoma ibara hiyo mara nyingi, na kila mara macho yangu hukwama katika maneno yale ya mwisho, kwa maana ndani yake mna simanzi ya karne nyingi. Mtunga sheria asingehitaji kusema kwamba fedha za mke ni za mke kama isingekuwa desturi ya nchi kwamba si zake. Wala asingehitaji kumpa ruhusa ya kushitaki kwa jina lake kama jina hilo lingekuwa na uzito mbele ya hakimu. Watu wengi wa leo, wasikiapo kwamba mwenye baa aweza kulipishwa fidia kwa kumwongezea glasi mteja aliyekwisha lewa, hudhani kwamba sheria hiyo ni mtoto wa motokaa na barabara ya lami. Sivyo. Motokaa iliikuta sheria hiyo ikiwa mtu mzima. Ilizaliwa nyumbani, penye chungu kitupu jikoni na mtoto asiye na viatu mlangoni, na kilio kilichoizaa kilikuwa cha mke.

Tatizo lenyewe la kisheria ni la kale kuliko Marekani. Mafakihi wa Kiislamu wana kanuni mashuhuri, kwamba wakikutana mubashiri na msababishi, yaani mwenye kutenda kwa mkono wake na mwenye kuweka sababu tu, hukumu humwangukia mubashiri. Majalla, kitabu cha sheria kilichotungwa na dola ya Uthmaniya baina ya 1869 na 1876, kimeiweka kanuni hiyo katika ibara yake ya 90 na kuipigia mfano wa kisima: mtu akichimba kisima katika njia ya watu wote, akaja mwingine akamtumbukiza humo mnyama wa mwenziwe, mwenye kulipa ni aliyetumbukiza, si aliyechimba. Mahakimu wa Kiingereza, kwa safari yao wenyewe na kwa vitabu vyao wenyewe, walifika mahali pale pale. Kwao muuza mvinyo alikuwa mchimba kisima. Mnywaji, anyooshapo mkono kukitwaa kikombe, ndiye mtumbukizaji, na anayemtumbukiza ni nafsi yake. Sababu iliyo karibu na madhara, walisema, ni kunywa, wala si kuuza.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani imejengwa juu ya heshima ya mwanadamu kuwa ni mwenye kujichagulia. Lakini mtu hunywa glasi ya kwanza kwa hiari yake, na pengine ya tatu. Je, ile ya kumi huichagua nani? Akili iliyopaswa kuikataa ndiyo iliyokwisha kuzimwa na zile tisa zilizotangulia, na mwenye akili timamu aliyebaki chumbani ni yule asimamaye nyuma ya kaunta, ambaye chupa iko mkononi mwake na fedha zimo mtotoni mwa meza yake. Dini, kwa upande wa dhambi, ilikwisha kuliona jambo hili zamani: hadithi waliyoipokea Tirmidhi na Ibn Majah inawahesabu watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya mvinyo, na katika hao yumo mwenye kuukamua na mwenye kuubeba, mwenye kuuuza na mwenye kula thamani yake, na yumo pia mwenye kuwanywesha watu. Basi wazo kwamba mkono unaomimina una fungu lake halikuwa geni katika dhamiri za watu. Kilichokosekana ni mlango ambao dhamiri hiyo ingepitia hata ifike mahakamani.

Na mwanamke wa Kiingereza au wa Kimarekani wa zama hizo alikuwa na kuta mbili mbele yake. Ukuta wa kwanza ulikuwa ndoa: mke hakuwa na nafsi yake mbele ya sheria, jina lake lilifunikwa na la mumewe, na hata ujira wa kazi ya mikono yake ulikuwa wa mume, ambaye aliweza kuupeleka wote kaunta siku ya Jumamosi jioni bila mtu kumwuliza. Ukuta wa pili ulikuwa mauti. Hadi mwaka 1846, Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria iliyopata jina la Lord Campbell, mtu akiuawa kwa uzembe wa mwenziwe madai yake yalizikwa pamoja naye, na jamaa zake hawakuwa na la kudai. Ikawa kumvunja mtu mguu kuna gharama kubwa kuliko kumtoa roho.

Uingereza ilijaribu kwanza njia ya leseni na faini. Mwaka 1552, katika enzi ya Mfalme Edward VI, iliamriwa kwamba mtu asiuze bia ila kwa idhini ya mahakimu wa mahali pake, na kwamba mwenye idhini aweke dhamana ya kutunza utulivu nyumbani mwake. Mwaka 1606 ulevi wenyewe ukafanywa kosa, faini yake shilingi 5 zigawiwe maskini wa parokia, na asiye nazo atiwe miguu katika mkatale kwa saa 6 mbele ya macho ya watu. Ndipo ikaja karne ya 18 na pombe kali ya gin, iliyouzwa London kwa bei ambayo hata ombaomba aliimudu. Mchoraji Hogarth aliichora hali hiyo mwaka 1751, akamweka katikati ya picha yake mama mlevi ameketi ngazini, mikono imelegea, na mtoto wake mchanga anaanguka kichwa chini bila yeye kujua. Mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria ambayo miongoni mwa masharti yake mlikuwa na moja ninalolistaajabia mpaka leo kwa werevu wake: muuzaji asisikilizwe mahakamani adaipo deni la pombe kali lililo chini ya shilingi 20. Sharti hilo halikumgusa mnywaji wala halikumfunga muuzaji. Lilimwambia tu kwamba akimkopesha maskini glasi moja baada ya nyingine mpaka deni likamzidi, serikali haitakuwa mkono wake wa kumkamua. Yaonekana kuwa jambo dogo, lakini nadhani hapo ndipo sheria ya Kiingereza ilipoanza kumtazama mwenye kaunta kama mtu anayevuna udhaifu wa mwenziwe, na siyo kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Sheria ya leseni ya mwaka 1872 iliukaza mtazamo huo zaidi. Ibara yake ya 13 ilimtoza faini ya hadi pauni 10 mwenye leseni aliyeruhusu ulevi nyumbani mwake au aliyemuuzia kileo mtu aliyekwisha lewa, na kosa la pili likawa hadi pauni 20. Mwaka 1884 mwenye baa mmoja alijitetea kwamba yeye na watumishi wake hawakutambua kuwa mteja yule alikuwa amelewa, maana hakupepesuka wala hakupiga makelele. Hakimu Stephen, mjuzi mkubwa wa sheria za jinai katika zama zake, akajibu kwamba ibara haikusema “akijua”. Aliyepewa leseni amepewa pamoja nayo kazi ya kumtazama mteja wake kabla ya kumimina. Hukumu kali, lakini kwa maoni yangu ya haki, kwani macho ya muuza pombe yana mazoezi kuliko ya daktari.

Hata hivyo, pauni zile 10 zilikwenda serikalini. Mke aliyekuwa akimngoja mumewe nyumbani hakupata hata peni moja. Sura hii ya Kiingereza, yaani leseni, saa za kufungua na kufunga, na faini iendayo hazina, ndiyo iliyotufikia sisi wa Afrika ya Mashariki pamoja na bendera yao, na ndiyo iliyobaki bendera ilipoteremshwa: imo katika sheria ya vileo ya Tanzania ya mwaka 1968, na imo katika ile ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliipa jina la mbunge Mututho na ambayo iliruhusu baa kufunguliwa siku za kazi saa 11 jioni na kuzitaka zifungwe saa 5 usiku. Sheria za namna hiyo hulinda amani ya mtaa, nami siziteti. Ila zina watu wawili tu ndani yake, muuzaji na serikali. Mtu wa tatu, aliyepata hasara, hakuwekewa kiti.

Marekani ndiko alikowekewa kiti, na kabla sijasimulia namna alivyokipata sina budi kutaja jambo ambalo kila nilifikiripo hunitia uchungu. Mwaka 1847, katika jimbo la South Carolina, mwenye duka alishitakiwa kwa kumuuzia mvinyo mtumwa, ambaye alilewa, akalala nje, akafa. Bwana wa mtumwa alidai thamani ya mali yake iliyoharibika, na mahakama ikampa haki. Ile kanuni ya mubashiri, ambayo ilikuwa imesimama kama mnara wa mawe mbele ya kila mjane, haikumzuia bwana huyu hata kidogo: muuzaji, walisema, alipaswa kuona kwamba madhara yale yangefuata. Sisi tuliozaliwa pwani hii, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya hukumu hiyo. Mtumwa hakuhesabiwa kuwa na hiari yake, kwa hiyo kunywa kwake hakukuhesabiwa kuwa tendo. Aliyetenda alikuwa mmoja tu, naye ni muuzaji. Miaka 20 baadaye, huko New York, mume alimshitaki muuza dawa aliyekuwa akimuuzia mkewe maji ya afyuni, naye pia akashinda, kwa kuwa mume alikuwa na haki juu ya huduma na usuhuba wa mke wake, na muuzaji alikuwa amemnyang'anya haki hiyo.

Kwa hiyo si kweli kwamba sheria haikujua kuufuata mkono unaomimina. Iliujua vyema, na iliufuata pale ambapo mnywaji alikuwa ni mtu wa mtu: bwana alidai kwa ajili ya mtumwa, mume alidai kwa ajili ya mke. Mke alipokuja kudai kwa ajili ya mume aliambiwa kwamba mume ni mtu huru, na mtu huru akinywa amejitakia. Hapo ndipo uzito wa jambo lote ulipolala, si katika falsafa ya sababu ya karibu na sababu ya mbali.

Jaribio la kwanza la kuubomoa ukuta huo lilifanywa mwaka 1849 katika jimbo changa la Wisconsin, ambako muuza vileo alitakiwa kuweka dhamana ya dola 1,000 na kukubali kwamba atalipa hasara zitokanazo na biashara yake, ikiwa ni pamoja na kuwatunza mafukara, wajane na mayatima watakaoletwa na ulevi. Lilikuwa tamko la ujasiri mno kwa jimbo lenye wahamiaji wengi wa Kijerumani, ambao bia kwao ilikuwa sehemu ya mlo na ya Jumapili, na mwaka 1851 sheria hiyo ikafutwa. Lakini mbegu ilikwisha anguka. Indiana ikatunga ya kwake mwaka 1853, ikiwataja kwa majina ya ujamaa wale walioweza kudai: mke, mtoto, mzazi, mlezi, mwajiri; Ohio ikafuata mwaka 1854; Illinois ikatunga yake mwaka 1872, New York mwaka 1873. Wamarekani huziita mpaka leo sheria za “dram shop”, kwa jina la kale la duka lililouza pombe kali kwa kipimo kidogo kidogo, dram moja moja, na jina hilo limebaki ingawa kipimo chenyewe kimesahauliwa. Shabaha ya sheria hizo ilikuwa mpya kabisa: kumlipa aliyedhurika katika mwili wake, au katika mali yake, au katika riziki yake. Neno hilo la riziki ndilo lililokuwa la thamani. Mke hakulazimika kuonyesha jeraha. Alionyesha mshahara uliokuwa ukija nyumbani na mshahara usiokuja tena.

Sheria iliyoandikwa ni kitu kimoja, na mwanamke maskini kusimama mbele ya wanaume 12 walioketi kuhukumu ni kitu kingine. Januari 1872, katika mji wa Springfield, Ohio, mke wa mlevi mmoja alimshitaki muuza mvinyo, na mahakamani hapo alikuwamo mwanamke wa makamo aitwaye Eliza Daniel Stewart, ambaye askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walimpa jina la Mother, yaani mama, kwa vifaa na nguo alizokuwa akiwakusanyia. Hakuwa mwanasheria. Wakili wa mdai alimwomba awaeleze wahukumu shauri lile, naye akainuka, akasema, na mdai akashinda. Fikiri ukumbi ule: mabenchi ya wanaume, moshi wa tumbaku, wenye maduka ya mvinyo wamekuja kutazama kwa kuwa wanajua kesi hii ikishinda nyingine zitafuata, na katikati yao mwanamke anayesema kwa lugha ya nyumbani juu ya mambo ya nyumbani, mahali ambapo mpaka juzi mambo hayo hayakuwa na jina.

Mwaka uliofuata, siku ya 24 Desemba 1873, katika mji wa Hillsboro wa jimbo lile lile, wanawake wapatao 70 walitoka kanisani wawili wawili, wakiongozwa na Eliza Thompson, binti wa aliyekuwa gavana, wakaenda kutoka duka hata duka wakipiga magoti na kusali mbele ya milango ya wauza mvinyo. Vuguvugu hilo likaenea majimboni kwa majira yote ya baridi, na Novemba 1874, mjini Cleveland, likazaa umoja wa wanawake Wakristo wa kupinga ulevi. Waandishi wengi wa tarikh huzisimulia sala hizo na kuzisahau kesi. Mimi naona vitu hivyo viwili ni mikono ya mwili mmoja: mwanamke aliyepiga magoti barabarani asubuhi ndiye aliyeweza, jioni, kuandika barua.

Mahakama nazo zikaanza kuzipima sheria hizo mpya, na nyingine zilivuka mpaka hata pale ambapo watunzi wa sheria labda hawakupatazama. Mwaka 1878 Mahakama ya Rufani ya New York ilihukumu shauri la farasi. Kijana alichukua farasi wa baba yake, akaenda hotelini, akalewa, na wakati wa kurudi akamwendesha yule mnyama kwa fujo mpaka akafa. Baba hakumshitaki aliyeuza kileo. Alimshitaki mwenye jengo, ambaye hakuuza hata tone, bali alilipangisha jengo lake huku akijua kwamba humo itauzwa pombe. Alishinda, na mahakama ikathibitisha kwamba Baraza la Kutunga Sheria la jimbo lilikuwa na mamlaka ya kuunyoosha mkono wa dhima hadi kwa mpangishaji. Lakini mwaka 1889 mahakama kuu ya Illinois iliweka mpaka upande mwingine: mjane ambaye mumewe alipewa mvinyo na rafiki yake kwa ukarimu, kisha akaanguka kutoka juu ya farasi alipokuwa akirudi kwake, hakupata kitu, kwa kuwa sheria ilimlenga mwenye kuuza kwa faida, si mwenyeji anayemkirimu mgeni wake. Tofauti hiyo baina ya duka na sebule imedumu sehemu nyingi mpaka leo, nami naiona ni ya haki, maana mwenye sebule hana faida katika glasi ya kumi.

Yaliyofuata niyapitie upesi. Januari 1920 Marekani iliharamisha biashara ya vileo nchi nzima, na dhima ya mwenye baa ikakosa maana pale ambapo baa yenyewe ilikuwa jinai. Desemba 1933 marufuku ikaondolewa, na majimbo mengi, yakiwa yamechoka na habari zote zenye harufu ya marufuku, yakazifuta sheria zile za zamani pia au yakaziacha zilale.

Aliyeziamsha ni motokaa. Mwaka 1959 Mahakama Kuu ya New Jersey, bila kuwa na sheria yoyote ya namna hiyo mkononi, ilikata shauri la kijana asiyetimiza umri wa kunywa, aliyeuziwa pombe katika baa kadhaa, kisha akaendesha gari na kumwua mtu. Mahakimu waliitazama ile kanuni kongwe ya sababu ya karibu wakaiuliza swali rahisi: katika zama ambapo wateja huja baa kwa gari na huondoka kwa gari, ni muuzaji gani awezaye kusema kwamba ajali haikumpitia akilini? Tokea hapo mubashiri hakuwa tena ngao ya msababishi. Mwaka 1971 California ikafuata, kwa shauri la nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na kilele cha Mount Baldy. Mteja alihudumiwa humo tangu saa 4 usiku hadi baada ya saa 11 alfajiri, muda mrefu kupita saa ya kufunga, na mwenye nyumba alijua kwamba njia pekee ya kushuka ni ile barabara nyembamba ya mlimani, yenye mwinamo mkali na kona baada ya kona. Huko chini kulikuwa na gari jingine likija.

Wenye baa na makampuni ya bima yaliyowakatia bima hawakukaa kimya, wala si haki kuwalaumu kwa kutetea riziki zao. Ila mwaka 1978 Bunge la California lilipitisha sheria iliyotamka waziwazi kwamba sababu ya madhara ni kunywa, wala si kuuza, na kwa sentensi hiyo moja likalirudisha jimbo zima mahali walipokuwa mahakimu wa kale. Miaka 7 tu ilikuwa imepita tangu hukumu ya Mount Baldy. Jambo hili huniambia kwamba swali lenyewe halijapata kumalizika, na kwamba kila kizazi hulipima upya kwa mizani yake: Illinois ingali na sheria yake, na kiwango cha juu cha fidia hupangwa upya kila mwaka kufuata bei za vitu, ilhali kwa jirani zake wengine mambo ni kinyume.

Nimeiacha mwisho kesi ambayo haikutokea Marekani bali Kanada, kwa sababu katika kesi zote nilizosoma ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa ukaribu zaidi. Usiku mmoja wa Januari 1968, katika hoteli iitwayo Jordan House, kando ya barabara kuu namba 8 ya jimbo la Ontario, mtu mmoja alikuwa akinywa bia tangu jioni. Alijulikana sana pale. Alijulikana kwa kupenda kunywa, na kwa tabia yake ya kuwasumbua wateja wengine akiisha kulewa, kiasi kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo wafanyakazi walikuwa wameagizwa wasimuuzie isipokuwa amefuatana na mtu wa kuaminika. Usiku ule hakuwa na mtu wa kuaminika, na waliendelea kumuuzia. Karibu saa 4 alianza kwenda kutoka meza hadi meza, na wakamtoa nje. Palikuwa na giza na mvua. Njia yake ya kwenda nyumbani ilikuwa ni ile barabara kuu, nao walijua. Alikuwa akitembea karibu na katikati ya barabara hiyo wakati gari lilipomgonga.

Alinusurika, akashitaki hoteli na dereva. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu ya Kanada, ambako mwaka 1973 Jaji Bora Laskin aliandika kwamba hoteli hailazimiki kuwa mlezi wa kila mtu anayekunywa humo, lakini huyu haikumtendea kama mgeni asiyejulikana: ilimjua, ilimlewesha kinyume cha agizo lake yenyewe, kisha ikamweka katika hatari iliyoiona kwa macho, hali ingaliweza kumwita polisi, au kumkabidhi mtu wa kumfikisha kwake salama. Kosa likagawanywa mafungu matatu yaliyo sawa. Fungu moja lilikuwa la dereva, ambaye hakuwa mwangalifu vya kutosha. Fungu moja lilikuwa la mlevi mwenyewe, kwa maana hakuna mahakama iliyomvua uhuru wake wala dhima yake. Na fungu la tatu lilikuwa la hoteli.

Huko Massachusetts ilihitajika barua ya mke ili muuzaji ahesabiwe kuwa amekwisha onywa. Jordan House haikuandikiwa barua na mtu yeyote. Onyo lilikuwa limetolewa humo humo ndani, na mwenye hoteli, kwa watu wake, mwaka mzima kabla ya usiku ule.